Je, Hewa ya Nyumbani Mwako ni Salama?



Mama anayewajali watu wa nyumbani mwake hukagua mambo mengi kila siku. Huchambua mchele usibaki na mawe, huchemsha maji ya kunywa, hunusa maziwa kabla ya kumpa mtoto. Lakini kipo kitu kimoja ambacho kila aliyemo nyumbani hukitumia usiku na mchana, na mara nyingi hakuna anayekikagua. Kitu hicho ni hewa.

Bila chakula mtu anaweza kuishi siku nyingi, na bila maji siku chache. Bila hewa ni dakika chache tu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mtoto mchanga huvuta kati ya mara 30 na 60. Maana yake ni kwamba, ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake, mtoto huingiza hewa nyingi kuliko baba yake. Hewa ikiwa safi hufaidika zaidi, na ikiwa chafu huumia zaidi.

Wengi wetu tukisikia habari za hewa chafu hufikiria magari ya mjini na moshi wa viwanda. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya ndani ya nyumba, hasa moshi wa kupikia. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakusahau kuwataja watu wanaougua kwa kuvuta moshi wa kupikia na wa kuotea moto.

Katika toleo hili nitaeleza jinsi kila familia inavyoweza kukagua hewa ya nyumba yake bila mashine na bila gharama. Baada ya hapo nitaeleza habari za hewa moja ya hatari ambayo haikaguliki kwa njia hizo. Nakuomba usiache kusoma kabla ya kufika hapo.

MOSHI UNA NINI?

Moshi umebeba chembechembe ndogo sana. Zile laini ni ndogo kiasi cha sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Mwenyezi Mungu ameweka vinyweleo na kamasi puani ili kunasa vumbi, lakini chembe hizi laini huvipita, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia kwenye damu.

Mtoto anayekulia katika moshi ana hatari ya kupata nimonia inayokaribia mara mbili ya ile ya mtoto anayevuta hewa safi. Mama mjamzito anayevuta moshi mwingi anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Kwa watu wazima, moshi wa miaka mingi huleta ugonjwa sugu wa mapafu, saratani ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi, na hata mtoto wa jicho. Akina bibi wengi wanaokuja kliniki wakihema kwa shida hawajavuta sigara hata moja maishani. Wamepika tu.

Na moshi hautoki jikoni peke yake. Hutoka kwenye koroboi anayosomea mtoto. Hutoka kwenye sigara ya baba. Hutoka kwenye mfuko wa plastiki unaotumiwa kuwashia mkaa, na huo una sumu mbaya sana. Hutoka pia kwenye dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko. Watafiti walioipima na kuchapisha matokeo mwaka 2003 waliona kwamba kuchoma duara moja kunatoa chembe laini sawa na kuchoma sigara kati ya 75 na 137. Kwa hiyo kinga bora ya mbu chumbani ni chandarua chenye dawa, ambacho hakitoi moshi.

JINSI YA KUKAGUA NYUMBA YAKO

Chagueni siku moja, baba, mama na watoto wakubwa, mzunguke nyumba nzima pamoja. Chukueni daftari mwandike mnachokiona.

1. Kagua paa na kuta. Inua macho uangalie kenchi, mabati au dari. Masizi meusi yanayoning'inia pamoja na utando wa buibui ni ushahidi wa moshi uliokosa njia ya kutokea. Kumbuka kwamba moshi uliopaka bati weusi umepita pia katika mapafu ya waliokuwa chini yake. Angalia hasa chumba cha kulala. Ukikuta masizi huko, ujue moshi wa jikoni unakufuata hadi kitandani.

2. Kagua kwa kitambaa. Chukua kitambaa cheupe ukikate vipande vitatu. Kimoja kitundike jikoni, mbali kidogo na moto. Kingine kitundike chumbani, na cha tatu barazani, mahali pasipo na mvua wala vumbi la barabara. Baada ya siku tatu viweke mezani uvilinganishe. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinaona. Nimewahi kuwaonyesha akina mama vitambaa vyao wenyewe, na hapakuhitajika mahubiri mengine.

3. Kagua kwa pua. Pua huzoea. Aliyekaa ndani tangu asubuhi hawezi kujua kwamba mna harufu. Kwa hiyo toka nje, ukae robo saa, halafu ingia na mara moja unuse kila chumba. Harufu ya moshi, ya mafuta ya taa, ya kuvu au ya dawa ya wadudu inakueleza nini kinachovutwa humo. Mgeni akikwambia nyumba yako ina harufu fulani usikasirike. Amekufanyia kazi ya bure.

4. Kagua njia ya hewa. Watoto wanaotumikia altareni wanajua kwamba moshi wa ubani huonyesha hewa inakotoka na inakokwenda. Fanya vivyo hivyo. Washa kijiti cha udi, ukishike karibu na dirisha, kisha juu ya mlango, kisha karibu na dari. Moshi ukivutwa nje, hewa inapita. Ukisimama wima na kutanda, hewa imelala. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa mara nyingi hakipitishi hewa. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

5. Kagua unyevu. Angalia pembe za kuta, nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Madoa meusi au ya kijani ni kuvu. Mabati yanayodondosha matone asubuhi, hali hakukunyesha, yanaonyesha kuwa pumzi za waliolala hazikupata pa kutokea. Kuvu na unyevu huamsha pumu na kikohozi, hasa kwa watoto.

6. Kagua mnachohifadhi ndani. Familia nyingi huweka mahindi chumbani kwa kuogopa wezi. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu vidonge vya kuhifadhia nafaka vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi yenye sumu kali, ambayo imeua watu usingizini. Nafaka iliyowekwa vidonge hivyo isikae kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu. Dawa za kupulizia kahawa au mboga, petroli na mafuta ya taa navyo vipate banda lao, lenye kufuli, mbali na watoto.

7. Kagua watu. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Nani anakohoa nyumbani? Anakohoa wakati gani? Nani macho yanamwasha jioni? Mtoto anayekohoa nyumbani na kupata nafuu akienda kwa shangazi yake anawaeleza jambo. Lakini mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asisingizie moshi. Aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu.

HEWA INAYODANGANYA

Sasa nafika kwenye jambo nililowaomba msubiri. Kuna hewa moja ambayo macho hayaioni, pua hainusi, na kitambaa cheupe hakiionyeshi. Haina rangi, harufu wala ladha. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Msiichanganye na hewa ukaa tunayoitoa tunapopumua, hii ni nyingine. Hutokea kila kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha: kuni, mkaa, mafuta ya taa, gesi na petroli ya jenereta. Jiko la mkaa hutoa nyingi sana.

Niwasimulie jambo lililonifundisha. Ilikuwa mwezi wa Julai, miaka mingi iliyopita, na huku kwetu nyanda za juu Julai ni mwezi wa baridi kali. Mama mmoja kijana alijifungua salama mtoto wake wa kwanza. Siku ya kuruhusiwa nilimpa maelekezo kama tulivyozoea: umnyonyeshe maziwa yako tu, usipake kitu kitovuni, umkinge mtoto na baridi. Alinisikiliza vizuri na kunishukuru.

Usiku wa pili nyumbani baridi ilizidi. Mama mkwe wake aliwasha jiko la mkaa nje. Alisubiri mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu, kisha akaliingiza chumbani. Wakaziba dirisha kwa gunia na kufunga mlango. Asubuhi jirani alibisha hodi, hakuitikiwa. Mlango ulipovunjwa, mama mzazi na mama mkwe walikutwa hai lakini hawajitambui. Mtoto alikuwa amefariki.

Yule mama alipopata fahamu aliniuliza, "Sista, si ulisema nimkinge na baridi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia ukweli, lakini nusu yake tu. Wala mama mkwe hakufanya uzembe. Alisubiri moshi uishe kwa sababu alimpenda mjukuu wake. Alifikiri, kama wengi wanavyofikiri mpaka leo, kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha. Tangu siku ile hakuna mama ninayemruhusu kwenda nyumbani bila kumpa nusu ya pili: jiko la mkaa lisiingie mahali mnapolala, hata likiwa halitoi moshi.

GESI HII INAUAJE?

Katika damu yetu kuna chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwilini kote. Gesi hii huzishika chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishakaa, oksijeni inakosa nafasi. Damu inazunguka, moyo unapiga, mtu anapumua kama kawaida, lakini ubongo unakufa njaa ya oksijeni. Kwa kuwa gesi haikerehi koo wala haiwashi macho, aliyelala haamki. Anapita kutoka usingizini hadi kuzimia bila kujua.

Mama mjamzito akiivuta, humfikia mtoto tumboni, na katika damu ya mtoto huyo hukawia zaidi kutoka. Kwa hiyo mama anaweza kujisikia amepona wakati mtoto tumboni bado yuko hatarini.

Kwa aliye macho, dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea na mawazo kuvurugika. Wengi hudhani ni malaria. Lakini jiulize: je, tumeugua watu wawili au watatu kwa pamoja, katika saa ile ile? Je, tukitoka nje tunapata nafuu? Je, kulikuwa na moto ndani? Malaria haiwapati watu wa chumba kizima kwa saa moja na kuwaacha wakitoka barazani.

MANENO YANAYOSEMWA MITAANI

"Makaa yakishakuwa mekundu hayana madhara." Si kweli. Ndipo yanapodanganya zaidi. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kutoa gesi kwa saa nyingi.

"Weka beseni la maji karibu na jiko, maji yatanyonya sumu." Si kweli. Gesi hii karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Beseni litawapa moyo wa kulala, na huko kulala ndiko kunakoua.

"Ukiacha dirisha wazi kidogo inatosha." Msijaribu bahati hiyo. Hakuna awezaye kusema "kidogo" ni kiasi gani, na mwenye kusikia baridi ataamka usiku alifunge.

"Aliyevuta gesi apewe maziwa." Hapana. Sumu iko katika damu, haiko tumboni. Ukimnywesha mtu asiyejitambua, maziwa yatakwenda mapafuni na kumpalia.

"Mababu zetu walilala karibu na moto, mbona hawakufa?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi na ni zuri. Nyumba za nyasi zilipitisha hewa kila mahali, juu na pembeni. Hata hivyo wazee walikohoa na macho yao yalikuwa mekundu. Leo tumejenga kwa matofali na saruji, tumepiga dari, tumeweka vioo. Tumeshukuru Mungu kwa maendeleo hayo, na ni vizuri. Lakini nyumba inayozuia baridi isiingie huzuia pia sumu isitoke. Tabia ya zamani katika nyumba mpya imekuwa hatari mpya.

UKIMKUTA MTU AMEZIDIWA

Kwanza, fungua mlango na madirisha yote, na ita watu. Usiingie ukakaa humo kutafuta sababu, maana nawe utaanguka. Vuta pumzi nje, ingia, mtoe mgonjwa haraka hadi kwenye hewa ya wazi. Asipojitambua lakini anapumua, mlaze ubavu. Asipopumua, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja.

Pili, wahini hospitali au kituo cha afya chenye oksijeni, hata kama mgonjwa ameamka na anasema yuko salama. Katika hewa ya kawaida gesi hii huchukua saa nne hadi sita kupungua kwa nusu tu. Kwa kuvuta oksijeni safi hupungua kwa nusu katika saa moja hadi saa moja na nusu.

Tatu, mwambieni muuguzi waziwazi: "Kulikuwa na jiko chumbani." Neno hilo linaweza kuokoa maisha, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hudanganywa na gesi hii. Kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa ana oksijeni ya kutosha wakati hana. Bila maelezo yenu hata sisi tunaweza kukosea.

SASA TUFANYE NINI?

Najua baridi ni kweli, na najua mtungi wa gesi ni fedha. Siwaambii mambo yasiyowezekana. Kila familia ianze pale ilipo.

Kupata joto bila jiko chumbani. Mtoto mchanga apate joto la mama mwenyewe: avikwe nepi, kofia na soksi tu, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja kwa khanga na blanketi. Tunawatunza hivyo hata watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Baba naye anaweza kumbeba hivyo, si aibu. Watu wazima wavae soksi na sweta usiku, wanywe uji wa moto kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa nguo inaweza kupasha kitanda, lakini iondolewe kabla ya kumlaza mtoto asije akaungua.

Kupunguza moshi wa jikoni. Anika kuni mpaka zikauke kabisa na zipasue ziwe nyembamba, kuni mbichi ni moshi mtupu. Loweka maharage usiku kucha ili yaive mapema. Funika sufuria. Washia jiko la mkaa nje bila plastiki, na kupikia pia kufanyike nje au barazani. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Dada, bibi au baba amshike. Jiko la kuni lililoboreshwa, lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, linaweza kujengwa kwa udongo na matofali ya kwetu. Bomba lisafishwe masizi mara kwa mara.

Kuhamia nishati safi. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Tusingojee mwaka huo ufike. Akina mama wa WAWATA na jumuiya ndogo ndogo wanaweza kuchangishana kwa zamu, mwezi huu mtungi wa huyu, mwezi ujao wa yule. Na akina baba nawaomba jambo moja. Mara nyingi anayevuta moshi siye anayeshika fedha. Kabla ya kusema mtungi ni ghali, kaa wewe jikoni mpaka maharage yaive.

Wenye mtungi wa gesi waukague pia. Paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio; mapovu yakivimba, gesi inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje.

Kuruhusu hewa ipite. Fungua madirisha kila asubuhi, hata wakati wa baridi, jua liingie. Florence Nightingale, aliyeweka misingi ya kazi yetu ya uuguzi, katika kitabu chake cha mwaka 1859 aliliweka jambo la hewa safi kuwa la kwanza katika kumtunza mgonjwa, na alisisitiza kwamba inawezekana bila kumwacha apate baridi. Hasa penye mgonjwa wa kifua kikuu, dirisha wazi linawakinga wengine. Mwenye uwezo, vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyolia kaboni monoksaidi inapozidi. Ni vizuri, lakini haviruhusu mtu kulala na jiko.

Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha, kamwe isiwe ndani wala barazani.

MTOTO AKIKOHOA

Mtoto akiwa na kikohozi, mhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima, ukiangalia kifua au tumbo linavyopanda. Anapumua kwa haraka mno akifikia:

mara 60 au zaidi, kama hajatimiza miezi miwili;
mara 50 au zaidi, kama ana miezi miwili hadi kumi na mmoja;
mara 40 au zaidi, kama ana mwaka mmoja hadi mitano.

Akifikia idadi hiyo, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msingoje kesho, na msiwashe kitu cha kumfukiza.

MASWALI MATANO YA JIONI

Katika katekesi tulifundishwa kwamba uhai wa mtu ulianza kwa pumzi aliyoipokea kutoka kwa Mungu. Kuilinda pumzi hiyo ni sehemu ya kumshukuru aliyetupa. Basi jioni, baada ya sala ya familia na kabla ya kulala, mmoja wenu aulize kwa sauti:

1. Je, kuna jiko, koroboi au moto wowote unaowaka chumbani?
2. Je, makaa ya leo yako nje, mahali ambapo hayawezi kuunguza kitu?
3. Je, hewa ina pa kuingilia na pa kutokea?
4. Je, kuna dawa, mafuta au nafaka yenye vidonge mnamolala watu?
5. Je, kuna anayekohoa au kuumwa kichwa ambaye hatujamuuliza habari zake?

Swali la kwanza ndilo kubwa. Mengine yote unaweza kuyakagua kwa macho na pua. Gesi ya jiko huwezi. Hiyo hukaguliwa kwa swali tu, na swali lazima liulizwe kabla watu hawajalala.

Ukurasa huu ukiisha kuusoma, usiufungie maandazi. Mpelekee jirani ambaye binti yake au mkwe wake anakaribia kujifungua, hasa kama miezi ya baridi imekaribia. Mwambie nusu zote mbili za maelekezo: amkinge mtoto na baridi, na jiko libaki nje.

Mungu azibariki familia zenu. Tukutane toleo lijalo.